Machozi yanachuruzika, mbona naambiwa macho yangu ni makavu?

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Tandahimba. Nina shamba la mikorosho na pia ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Kila ikifika Juni macho yananiwaka kama yameingia mchanga, yanakuwa mekundu, na nikitoka kwenye upepo machozi yanachuruzika hadi mashavuni. Nikiamka asubuhi kope zimeshikana. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, ukiisha napata nafuu, minada ya korosho ikianza yanarudi. Duka la dawa walinipa matone ya kuondoa wekundu, huu mwezi wa pili naweka. Yanatuliza saa mbili tatu, kisha hali ni ile ile. Juzi nimeambiwa ni macho makavu. Ukavu gani huu wenye machozi? Na nifanye nini ili nikae salama mwaka mzima? Mjukuu wangu wa miaka minne naye anafikicha macho, je, ni tatizo hilo hilo?

Jibu: Mama, aliyekuambia ni macho makavu huenda hajakosea, na hayo machozi yanayochuruzika ni sehemu ya ushahidi. Chozi linalolinda jicho si maji matupu. Chini kabisa, juu ya kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kuna ute mwembamba unaoyashikisha machozi yasiteleze. Katikati ni maji yenye chumvi na kinga ya mwili. Juu yake ni utando wa mafuta, mwembamba mno. Pakua mchuzi wa kuku wenye mafuta bakuli moja, na bakuli la pili tia maji ya moto matupu, uyaache mezani. Maji yatatoa mvuke kwa kasi. Mchuzi utachelewa kwa sababu mafuta yameufunika. Jicho nalo ni hivyo. Mafuta yakipungua, machozi hukauka kabla hujapepesa tena, kioo cha jicho kinabaki wazi, na ndipo unapohisi mchanga na kuwaka moto.

Kioo hicho kina mishipa mingi ya hisia kupita karibu sehemu yoyote ya mwili. Kikikauka kinapiga kelele, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho inajibu kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hayatulii jichoni. Yanamwagika shavuni, na dakika chache baadaye jicho limekauka upya. Ndiyo maana upepo wa kusi unakuliza na bado macho ni makavu.

Mafuta yenyewe hutoka kwenye vijitezi vilivyojipanga ndani ya kope, kama 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika kope ya chini. Midomo yake iko ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele za kope. Kila unapopepesa kikamilifu, kope zinakutana, zinakamua mafuta kidogo na kuyatandaza. Kwa mtu mzima mwenye afya mafuta hayo ni laini kama mafuta ya kula. Midomo ikiziba kwa vumbi, tongotongo na ngozi iliyokufa, mafuta yanaganda ndani na kuwa mazito kama dawa ya meno. Kushikana kwa kope zako asubuhi kunanifanya nishuku kwanza kope hizo, maana hali hii ya kope kuziba ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya macho makavu. Matone peke yake hayataimaliza.

Kabla ya dawa yoyote, chukua kioo cha kujitazamia usimame penye mwanga wa mchana. Vuta kope ya chini taratibu uangalie ukingo wake. Ukiwa mwekundu, umevimba, una magamba kama ya mba kwenye mizizi ya nywele au vidoti vyeupe vilivyojipanga, kope zimeziba. Kisha pepesa mara mbili, fumbua macho, uhesabu sekunde bila kupepesa hadi yaanze kuchoma. Ukishindwa kufika 10, machozi yako yanakatika mapema. Si kipimo cha hospitali, lakini kinakupa mahali pa kuanzia, na utakirudia baada ya wiki sita kuona kama kuna mabadiliko.

Jambo la tatu la kuangalia kwenye kioo hicho ni muhimu sana kwa mtu wa kusini: je, kuna nywele ya kope iliyojikunja ndani na kugusa jicho? Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa iliyopambana na trakoma, ugonjwa wa vikope, kwa kugawa dawa na kuwafanyia watu upasuaji wa kope. Aliyeugua mara nyingi utotoni anaweza kufika umri wako kope ikiwa imejikunja kwa makovu, nywele zikikwangua kioo kila anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu ndio wanaokaa na watoto wadogo, na watoto ndio wanaobeba vimelea. Hisia yake inafanana sana na ukavu: mchanga, machozi, wekundu. Ukiona nywele hiyo, usiishie kuing'oa kwa kibano kila wiki, kwani inaota upya ikiwa fupi na kali zaidi. Kuna upasuaji mfupi wa kuigeuza kope, unafanywa kwa ganzi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama ni hili, yote yatakayofuata hapa chini hayatakutosha mpaka kope irekebishwe.

Sasa hayo matone. Chukua boksi, usome jina la dawa lenyewe, si jina kubwa la biashara. Likiwa naphazoline au tetrahydrozoline, hiyo ni dawa inayobana mishipa ya damu. Jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, kisha mishipa inapanuka kuliko mwanzo, unaongeza tone jingine, na hapo unazungushwa. Haitibu ukavu hata kidogo. Iache. Wekundu utaongezeka kwa siku kadhaa kisha utashuka wenyewe. Likiwa dexamethasone, betamethasone au prednisolone, peke yake au ikiwa imechanganywa na neomycin, hilo ni jambo zito zaidi. Hizo ni dawa za jamii ya steroidi. Zinatuliza jicho vizuri sana, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mtu anaendelea kuziweka huku presha ya macho ikipanda bila maumivu na kuua mshipa wa kuona. Zinaharakisha pia mtoto wa jicho, na zinaacha fangasi wastawi kama jicho lilikwaruzwa na jani au bua. Kwa kuwa huu ni mwezi wa pili unaziweka, usinunue chupa nyingine, na usisubiri: nenda kliniki ya macho wiki hii, upimwe presha ya macho, na mtaalamu ndiye aamue namna ya kuiacha. Likiwa chloramphenicol, hiyo ni ya bakteria. Ukavu hauna bakteria wa kuuawa.

Tiba iliyo karibu yako zaidi ni kukanda kope kwa joto, na nitaieleza hatua kwa hatua kwa sababu wengi wanaambiwa "kanda na maji ya moto" wanakanda dakika moja, hawaoni kitu, wanaacha. Najua maji huko kwenu juu ya uwanda wa Makonde si ya kuchezea, lakini hii inahitaji kikombe kimoja au viwili tu. Chemsha maji safi, uyamimine kwenye chupa ya chai ili yakae na joto. Tafuta kitambaa safi cha pamba au taulo dogo, ulikunje mara nne. Mimina maji kwenye bakuli, ongeza ya baridi kidogo, ukijipima ndani ya kifundo cha mkono: yawe ya moto wa kuvumilika bila kushtuka, kama nyuzi 40 hivi au kuzidi kidogo. Yanayokuunguza mkono yataunguza ngozi ya kope, ambayo ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili.

Loweka kitambaa, kikamue, ufumbe macho, ukiweke juu ya kope zote mbili bila kukandamiza. Hapa ndipo penye siri: kitambaa kinapoa ndani ya dakika mbili, na mafuta yaliyoganda yanahitaji joto la mfululizo kwa dakika 8 hadi 10 ili yayeyuke. Kwa hiyo kila dakika mbili kirudishe kwenye bakuli, uongeze maji kutoka kwenye chupa ya chai, ukiweke tena. Mara nne au tano. Mwombe mtoto akushikie saa.

Mara tu baada ya hapo, kabla kope hazijapoa, zikamue. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Fumba jicho, weka kidole cha shahada juu ya kope ya juu chini kidogo ya nyusi, ukisukume polepole kuelekea chini hadi kwenye nywele. Anzia upande wa pua, sogea hadi nje, mara tano. Kope ya chini unaisukuma kutoka chini kwenda juu. Nguvu iwe ya kukamua nyanya iliyoiva bila kuipasua ganda. Usibonyeze mboni yenyewe. Wenye presha ya macho au waliofanyiwa upasuaji wa jicho karibuni wasikamue bila kuuliza.

Malizia kwa kusafisha ukingo. Tone moja la shampuu ya watoto kwa matone kumi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, chovya kijiti cha pamba, kisha upitishe kwenye mizizi ya nywele kutoka pembe moja hadi nyingine huku jicho limefumbwa. Kila jicho na kijiti chake. Suuza. Shampuu ikikuwasha, tumia maji hayo matupu. Kazi kubwa inafanywa na msuguano. Fanya yote mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa wiki nne hadi sita, kisha ushuke mara moja kwa siku. Wiki ya kwanza unaweza kuona tongotongo zikiongezeka kwa sababu uchafu uliokwama unatoka. Usikate tamaa hapo. Na wanja wa kuchora ndani ya ukingo wa kope, uliopakwa juu ya midomo ya tezi hizo, uache kabisa katika kipindi hiki.

Pamoja na kukanda, tumia machozi bandia. Kwenye boksi tafuta hypromellose 0.3%, carboxymethylcellulose 0.5% au sodium hyaluronate 0.1% au 0.2%. Anza mara nne kwa siku: ukiamka, mchana, alasiri na kabla ya kulala. Weka kabla jicho halijaanza kuwaka, usingoje. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini itengeneze mfuko, dondosha tone moja, ufumbe macho taratibu kwa dakika moja huku umebonyeza pembe ya ndani karibu na pua. Tone la pili halina faida, mfuko ule hauwezi kulibeba na linaishia shavuni pamoja na pesa yako. Ncha ya chupa isiguse kope wala nywele. Chupa nyingi zenye kihifadhi zinatupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki, kwa hiyo andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ubavuni. Kihifadhi kinachotumika sana, benzalkonium chloride, chenyewe kinaudhi jicho kikizidi. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mara nne hadi sita kwa siku, uliza machozi bandia yasiyo na kihifadhi, yale ya vichupa vidogo vya kutumia siku moja. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo njia salama.

Tukirudi kwenye kalenda yako, adui mkubwa ni miezi ya Juni hadi Septemba. Kusi inavuma, hewa ni kavu, barabara zina vumbi, na katikati yake ndipo mikorosho inapuliziwa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji. Chembe zake zinakaa chini ya kope ya juu, zinakwangua na kuwasha, na ukifikicha unazisugua kwenye kioo cha jicho kama msasa. Puliza alfajiri, upepo haujaamka na umande uko majani. Umande huo ndio unaoinasa salfa kwenye maua, kwa hiyo saa inayolinda macho yako ndiyo pia inayookoa dawa yako. Upepo ukianza, zima mashine. Mwenye mashine awe upande upepo unakotoka, na wanaobeba mifuko wasitembee nyuma yake ndani ya wingu.

Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, kwa sababu salfa inaingia kwa pembeni. Inayofaa ni ile ya plastiki inayofunika jicho lote na kuzibwa pembeni, kama wanayotumia wachomeleaji kusagia vyuma. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanayo. Kuna ukungu unaoifunika kwa jasho, na wengi wanaivua kwa sababu hiyo. Paka sabuni ya kipande kavu kwa ndani, kisha uifute kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae, ukungu utapungua. Ukirudi nyumbani, vua kitambaa cha kichwa na nguo za juu nje, si chumbani. Oga na uoshe nywele siku hiyo hiyo. Watu wengi wananawa uso vizuri kisha wanalala na salfa kwenye nywele, inadondoka kwenye mto, na usiku kucha inaingia machoni. Asubuhi wanashangaa kwa nini yanawaka wakati hawakwenda shamba.

Salfa ikiingia jichoni, usifikiche. Acha dumu la maji safi pale shambani kwa ajili hiyo tu. Lala ubavu, mtu akufunulie kope kwa vidole, amimine maji polepole kutoka pembe ya ndani kuelekea nje, ukizungusha mboni huku na huku, kwa dakika 15 kamili. Ni maji mengi, nakubali, lita 10 na kuendelea. Mafuta ya ganda la korosho yanahitaji muda mrefu zaidi, dakika 30, kisha hospitali moja kwa moja.

Hayo mafuta ya ganda nayo yanastahili neno lake, kwa kuwa Oktoba hadi Januari korosho ziko kila nyumba. Ganda lina kimiminika kinachobabua ngozi, na korosho zikikaangwa kienyeji kwenye karai au debe, ganda linarusha cheche za mafuta na moshi mzito unaochoma macho kuliko moshi wa kuni. Kaanga nje, geuka upepo ukipiga mgongoni, vaa ile miwani ya salfa. Wakati wa kubangua, mikono yenye mafuta isiguse uso hata kwa kufuta jasho; weka kitambaa begani kwa kazi hiyo. Moshi wa jikoni wa kila siku unapungua sana kuni zikiwa kavu na jiko likiwa penye uwazi pande mbili. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Minada ikianza, macho yanarudi kuwaka ukiwa ofisini, na hapo hakuna salfa. Sababu ni kupepesa. Mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika akiwa anazungumza. Akikodolea hesabu za kilo na malipo kwenye kompyuta au simu, anashuka hadi tano au saba, na nyingi kati ya hizo ni nusu: kope hazikutani chini, mafuta hayakamuliwi. Kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi, mkorosho wa nje ya dirisha unatosha, kwa sekunde 20. Katika sekunde hizo fumba macho taratibu kwa sekunde mbili, fumbua, kisha fumba tena ukibana kidogo. Rudia mara tano. Kompyuta ikae chini kidogo ya usawa wa macho. Ukiangalia chini, kope inafunika sehemu kubwa ya jicho na eneo la kukauka linapungua. Ukiipandisha juu ya vitabu ili uinue kichwa, unalifumbua jicho wazi kwa hewa. Na kama hujawahi kupima macho tangu ufike miaka 40, pima. Anayelazimisha kusoma karibu bila miwani anakodoa kwa bidii zaidi na hapepesi.

Majira ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, unyevu wa hewa unakusaidia. Shida ya miezi hiyo ni feni. Joto la usiku linamfanya mtu aielekeze usoni, na baadhi ya watu hulala kope zikiwa hazijafumba vizuri, wakaamka macho yakiwa yamekauka zaidi kuliko walivyolala. Ielekeze ukutani au miguuni, hewa izunguke chumba. Kama asubuhi ndiyo mbaya zaidi kwako, uliza duka la dawa mafuta laini ya macho ya kupaka usiku, unakamua kiasi cha sentimita moja ndani ya kope ya chini. Utaona ukungu kwa muda, ndiyo maana yanapakwa wakati wa kulala. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini si mbadala wake.

Macho mekundu ya kuambukiza, kama yale yaliyoenea nchini mwanzoni mwa 2024, ni virusi. Yanapona yenyewe, lakini yanaweza kuacha ukavu kwa wiki kadhaa baadaye, na machozi bandia yanasaidia kipindi hicho. Chai ya rangi, maziwa ya mama, asali, maji ya majani, mkojo: visiingie jichoni kabisa. Vina vijidudu, na kioo kilichokauka kina michubuko midogo inayovikaribisha.

Mwezi wa Ramadhani, mwenye wasiwasi kuhusu matone anaweza kuyaweka wakati wa futari, kabla ya kulala na wakati wa daku. Kukanda kope hakuingizi kitu jichoni, kunaendelea kama kawaida.

Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa kwa ajili ya macho makavu: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwapa watu miligramu 3,000 za omega-3 kwa siku kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Kula dagaa na vibua kwa sababu ni chakula kizuri, ila pesa ya vidonge nunulia machozi bandia.

Angalia pia dawa unazomeza. Vidonge vya aleji na mafua kama chlorpheniramine na cetirizine, amitriptyline, baadhi ya dawa za presha za kukojoza na za uzazi wa mpango zinakausha macho. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Katika miaka 47 homoni nazo zinabadilika, na tezi za mafuta zinazifuata. Kisukari kinaharibu mishipa ya hisia ya jicho, kwa hiyo pima sukari mara moja ukiwa hujala. Na kama mdomo pia umekauka hadi huwezi kumeza mhogo mkavu bila maji, na viungo vinauma asubuhi, sema hilo kliniki. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia tezi za machozi na mate kwa pamoja.

Mjukuu wako nadhani ana jambo jingine. Kuwasha kunakomfanya mtoto afikiche ni aleji kwa kawaida. Ukavu huwaka na kuchoma zaidi kuliko kuwasha. Mnawishe uso mara mbili au tatu kwa siku, mwekee kitambaa cha maji ya baridi machoni akiwashwa, mzuie kufikicha, na asiwekewe matone yako. Akiendelea zaidi ya wiki mbili, au weupe wa jicho ukigeuka rangi ya udongo, aonwe. Lakini muulize na hili: jioni giza likiingia, anajikwaa au anapapasa? Kuna doa jeupe kama povu kwenye weupe wa jicho lake? Hizo ni dalili za upungufu wa vitamini A, ukavu wa aina tofauti kabisa unaoweza kuyeyusha kioo cha jicho ndani ya siku chache, hasa baada ya surua. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa umri wake anatakiwa apate matone ya vitamini A kila miezi sita, Juni na Desemba. Angalia kadi yake. Maini, papai, embe, viazi lishe, matembele na kisamvu vinajenga akiba hiyo.

Wewe usingoje wiki sita ukiona mojawapo ya haya: maumivu makali, kuona kumepungua, mwanga unakuumiza hadi unafumba, doa jeupe juu ya kioo cha jicho, au usaha mzito. Ligula mjini Mtwara na Sokoine mjini Lindi ni hospitali za rufaa za mikoa, na kwako Tandahimba anza hospitali ya wilaya upate rufaa. Huko watakutia rangi ya njano jichoni na kuimulika kwa taa ya samawati kuona michubuko na kuhesabu sekunde machozi yanapokatika. Wanaweza pia kukuwekea kipande cha karatasi kwenye kope ya chini kwa dakika tano: ikilowa chini ya milimita 5, tezi yenyewe ya maji imepungua, na tiba inabadilika. Siku hiyo usiweke matone yoyote kwa saa chache kabla ya kipimo, usipake wanja, na beba ile chupa ya dawa ya kuondoa wekundu pamoja na boksi lake.